Sahani yenye alama nyekundu: Idi yangu Pemba

Ijumaa, Ramadhani 27

Nimerudi Pemba leo na nimechoka mpaka kucha. Siku tatu nilikuwa Unguja kufuata vitabu vya skuli (huku hakuna shule, ni skuli, nikisema shule darasa zima linacheka) ambavyo shirika lililonileta liliahidi tangu mwezi wa pili kwamba vitafika vyenyewe hadi kijijini, havikufika, nikaenda nikavibeba mwenyewe, maboksi mawili. Sitasema zaidi maana nimefunga, na nimeambiwa ukifunga tumbo na ulimi nao ufunge.

Ndio, nimefunga. Mimi wa Nyahururu, Kenya, niliyekulia kwaya ya kanisa. Hakuna aliyenilazimisha. Wiki ya kwanza ya Ramadhani nilikuwa nakula mchana kama kawaida, Mama mwenye nyumba ananiwekea chai na boflo chumbani, nafunga mlango natafuna polepole kama panya, mpaka siku moja kitinda mimba wa nyumba hii, miaka saba, meno ya mbele hana, tunamwita Kibogoyo, akachungulia dirishani akaniuliza, "Ticha, unaumwa?" Nikasema hapana siumwi. "Sasa mbona unakula?" Wueh. Kile kipande cha boflo kilikataa kushuka. Kesho yake nikafunga nusu siku, nikaja nikaweza siku nzima, na hili kumi la mwisho nimeapa nalimaliza lote.

Boti ya leo ilikuwa sikukuu tayari kabla ya sikukuu. Kila mtu anarudi kwao na mzigo wa mtu mwingine: maboksi ya viatu, mapazia, feni, godoro la mtoto, na baba mmoja mbele yangu alipakata keki mapajani kutoka Unguja mpaka bandari ya Mkoani bila kuibadilisha mkono, akitaka kukohoa anageuza shingo kwanza. Tulipofika mkondo wa Nungwi boti ikaanza kucheza na kelele zote zikakatika kama redio iliyozimwa. Upande huo ndiko ilikozama MV Spice Islander, Septemba 2011, ikitoka Unguja kuja Pemba, siku chache tu baada ya Idi. Mama niliyekaa nae alikuwa na tasbihi, akanambia bila kunitazama, "mdogo wangu alikuwemo," akaendelea kuhesabu. Mimi nikanyamaza, ningesema nini. Baadae maji yakatulia, watoto wakaanza tena kupiga makelele, keki ikafika salama.

Kutoka Mkoani daladala mpaka Chake Chake, alafu nyingine ya Wete. Ukishazoea Unguja iliyo tambarare Pemba inakushangaza, ni vilima juu ya vilima, kijani mpaka macho yanachoka, na mikarafuu kila upande. Mzee mmoja kwenye daladala alinipa darasa la bure: Unguja nayo ilikuwa na mikarafuu kibao, kikaja kimbunga cha 1872 kikailaza chini, Pemba ndo ikashika usukani wa karafuu. Alivyokuwa anasimulia kwa fahari ungedhani kimbunga alikituma yeye.

Bibi wa nyumba hii nimemkuta kwenye baraza. "Umerudi mwanangu. Mie nikajua Unguja washakuoza."

Jumamosi, Ramadhani 28

Leo ni siku ya kazi na mimi nimejiaibisha kabla hata jua halijapanda.

Bibi yuko jikoni, nazi kumi na mbili zimepangwa ukutani, ananambia, "Kanletee mbuzi, iko nyuma huko." Mtu aliyesoma angeshtukia hapo hapo, maana mbuzi wa kuchinja angekuwa "yuko". Lakini kwa Kiswahili chetu cha bara kila kitu ni "iko", mbuzi iko, mwalimu iko, hata Rais iko, kwaiyo sikushtuka kabisa. Nikazunguka nyuma, nikakuta mbuzi mweupe kafungwa kwenye mpera, nikamfungua, nikamvuta, anakataa, namvuta, mpaka jikoni. Nikamwambia Bibi huyu hapa, na nikamuuliza kisu kiko wapi nikaoshe.

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Mama akaja mbio akidhani kuna msiba. Kumbe mbuzi ni kile kibao cha kukunia nazi, kina ulimi wa chuma wenye meno, unakikalia. Yule mweupe ni wa jirani, na wakati tunacheka alikuwa ameshakula nusu ya mchicha wa futari.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sijaliona, nimepewa mbuzi, nikakuna nazi kuanzia saa mbili mpaka adhuhuri. Na kukuna nazi sio nguvu, ni masikio. Bibi anasikiliza. Yuko mbali anachambua mchele na akisikia mlio umebadilika anapiga kelele, "Umefika kwenye kifuu, geuza!" maana ukikwangua mpaka ile ngozi ya kahawia tui linakuwa chafu na wali wa Idi utaonekana kama umepikwa na maji ya mtaro. Baadae kukamua: tui la kwanza zito pembeni, halafu unamimina maji unakamua tena tui jepesi, na machicha wanapewa kuku. Mikono yangu inanuka nazi mpaka sasa hivi naandika, na sijali, imelainika kama ya mtoto.

Mchana Baba akatandika mkeka akaleta gunia la mchele na kibaba cha bati. Zaka ya Fitri. Kila kichwa ndani ya nyumba kinatolewa pishi moja, yaani vibaba vinne, kama kilo mbili na nusu hivi, na lazima imfikie maskini kabla ya sala ya Idi ili nae ale sikukuu. Anapima, anasawazisha juu kwa kiganja, anataja jina la mtoto, anamimina. Hata mtoto mchanga wa dada mkubwa, wa wiki tano, kapimiwa pishi yake. Nikauliza na kichwa changu je? Baba akatabasamu, Bibi ndo akajibu kutoka ndani: "Weye hupimiwi, weye utaula."

Mimi kwenye semina ya siku mbili ya "utamaduni wa wenyeji" tuliyofanyiwa kabla ya kuja nilifundishwa kuvaa mtandio na kutokula kwa mkono wa kushoto. Haya mengine yote hayakuwemo.

Jumapili, Ramadhani 29 (lakini kwa Ami ni Idi)

Hii siku nitaisimulia wajukuu.

Nyumba ya pili kutoka yetu anakaa Ami, ndugu yake Baba, tumbo moja. Baba anafuata mwezi ukionekana hapa na kutangazwa na Mufti. Ami anafuata mwezi wa kimataifa, ukionekana popote duniani kwake umeandama. Kwaiyo Ami alianza kufunga siku moja kabla yetu na leo amemaliza, amevaa kanzu mpya, ameswali Idi na wenzake, watoto wake wanang'aa, na sisi mita hamsini kutoka hapo midomo imekauka. Nilidhani watakuwa hawaongei. Hata! Baba kamwambia "Idi Mubarak ndugu yangu," Ami kajibu "na nyie Mungu awatakabalie saumu," kisha wakaanza kubishana kuhusu banda la kuku kama siku zote.

Shida haikuwa mwezi. Shida ilikuwa pilau.

Saa saba mchana mke wa Ami akatuletea sinia, imefunikwa kawa, na juu ya kawa kitambaa. Desturi ni desturi, sikukuu yake lazima jirani ale, kama jirani kafunga hio atajijua. Mama akalipokea akaliweka juu ya kabati la vyombo. Sasa nyie mnajua harufu ya pilau la Pemba? Karafuu zimetoka mti wa nyuma ya nyumba, hazijakaa dukani mwaka mzima. Hio harufu haikukaa kabatini. Ilitembea. Ilikuja ukumbini ikakaa kitako na sisi. Nikaenda chumbani ikanifuata. Kibogoyo, ambae anafunga "saumu ya chungu" (yaani mpaka adhuhuri akale ukoko kisha aendelee), alikuwa anapita chini ya kabati kila dakika kumi akivuta pumzi, akijibiwa na Bibi, "Pumzi haifunguzi, lakini usizidishe."

Bibi akaniambia taratibu, "Mwanangu, weye si Muislamu, kula yakhe, hutupunguzii kitu." Niliona machozi yananilenga. Nikasema hapana Bibi, nimeapa. Sijui kiburi au nini. Nikalala chini kwenye busati nikahesabu boriti za dari.

Jioni tukafungua kwa uji wa pilipili manga na tende, na lile pilau. Sitaelezea. Nilikula kimya.

Kisha kazi ya mwezi. Watu wote nje, macho magharibi, na mawingu ya masika yamejaa hapo hapo mwezi unapotakiwa kutokea, yaani anga nzima safi isipokuwa pale. Vijana wamepanda kilimani. Wazee wamezunguka redio, ZBC, inasoma kasida tu. Mimi kuna kitu kilinichanganya hapa: asubuhi Bibi alisema "usiku wa Jumatatu tutajua," nikafikiri basi ni kesho, na kesho nikawa nimepanga kufua. Kumbe kwao siku inaanza jua likizama, usiku wa Jumatatu ni huu wa Jumapili. Nilitaka kuanza kubisha nikakumbuka habari ya mbuzi, nikaacha.

Tangazo likatoka baada ya Isha. Sikusikia hata maneno vizuri maana neno la kwanza tu kijiji kizima kililipuka, "Umeandama! Umeandama!", watoto wanakimbia barabarani wanapiga madebe, misikiti yote ikaanza takbira kwa pamoja lakini sio kwa pamoja, mmoja mbele mwingine nyuma, zinapishana juu ya minazi. Bibi alikaa pale pale akafuta macho kwa kanga. Nikamuuliza vipi Bibi. "Ramadhani imeondoka. Sijui kama ntaikuta nyengine."

Usiku wasichana wakanishika wakanipaka hina viganjani na piko nyuma ya mkono, maua mpaka karibu na kiwiko, wakanifunga mifuko ya plastiki nisipake mashuka, na nikalala nimenyoosha mikono kama mtu aliyekamatwa. Haya nayaandika asubuhi kwa haraka.

Jumatatu, Idi mosi

Leo ni Mfunguo Mosi, tarehe mosi. Hesabu ya miezi huku imepangwa kwa kufunga: ukimaliza Ramadhani unaanza Mfunguo Mosi, Pili, Tatu, mpaka wa Tisa, alafu Rajabu, Shaabani, na unafunga tena. Maulidi yanaangukia Mfunguo Sita. Mwaka mzima mtu anahesabu amefungua tangu lini. Naipenda sana hii.

Niliamshwa saa kumi na moja kusonga bokoboko. Ngano imelowekwa usiku, imechemshwa na nyama mpaka mfupa umejitoa wenyewe, sasa inapigwa na mwiko mkubwa juu ya makaa madogo, unapiga unavuta, unapiga unavuta, mpaka nyama na ngano visijuane. Mama akapiga, dada mkubwa akapiga, mimi nikapiga dakika tano nikawa nahema kama nimepanda mlima Kenya. Ikiiva inavutika kama ulimbo. Inapakuliwa sahanini, inasawazishwa, inafinywa kishimo katikati na ndani ya kishimo samli ya moto. Wengine wanatia sukari. Bibi anasema wanaotia sukari hawakulelewa.

Walipokwenda kuswali nilibaki na kikongwe mmoja wa jirani na chetezo cha udi. Nyumba ilikuwa kimya na moshi wa udi unapita kwenye mapazia mapya, na takbira kwa mbali. Kwetu Krismasi asubuhi ni hivyo hivyo kabla wajomba hawajafika, ule ukimya wa sufuria zimefunikwa. Nikampigia mama yangu simu. Akauliza tu kama nakula vizuri.

Waliporudi ndo vita ikaanza.

Nilijiandaa, msione. Jumamosi nilibadilisha elfu kumi dukani nikapewa sarafu hamsini za mia mbili, nikazitia kwenye soksi, nikajua zitanitosha sikukuu zote nne. Mtoto wa kwanza akafika mlangoni, kanzu jipya, kofia ya kiua imemfunika masikio. "Ticha, nkono wa Idi!" Mimi kwa furaha nikampa mkono. Nikautikisa kabisa, "Idi njema, Idi njema!" Akautazama mkono wake. Akaugeuza akatazama upande wa pili. Kisha akanitazama mimi kwa huruma, kama mtu anayetazama kuku mgonjwa, na wenzake nyuma wakaanza kunong'onezana. Dada mkubwa akaniokoa: mkono wa Idi ni pesa, we ticha!

Baada ya hapo sijui tena. Walikuja wawili wawili, walikuja sita sita. Walikuja wa darasa langu, wa darasa lisilo langu, wa kijiji kisichokuwa chetu. Kibogoyo alikuja na kanzu, akaja na shati, mara ya tatu akaja na miwani ya jua ya kaka yake akibadilisha sauti. Nikampa zote tatu, alistahili. Saa tatu asubuhi soksi tupu, na kuna msichana mdogo kasimama mlangoni haondoki, hasemi kitu, ananyoosha tu kiganja chenye hina. Nikampa kalamu. Akaipokea kwa heshima na akaenda kunisemea kwa mama yake, nimesikia.

Mchana kutwa kazi yangu ilikuwa sahani. Huku chakula cha sikukuu hakikai nyumba moja. Unapika, unapakua, unafunika, unapeleka kwa jirani, na jirani anapakua chake anakurudishia, na sahani hairudi tupu hata siku moja. Ukipiga hesabu kila mtu ameishia kula chakula cha mwenzake. Kuzijua sahani za nani ni za nani kila nyumba imetia alama kwa rangi ya kucha chini ya sahani. Yetu nukta mbili za kijani. Ya Ami mstari wa zambarau. Kwa yule mwenye mbuzi mweupe ni herufi moja iliyopinda. Nilizunguka mara tisa, biriani huku, tambi kule, vileja, kaimati, mkate wa kumimina, na kila nyumba "kaa kitako mwanangu uonje", ukikataa unaonekana una maringo, ukikubali tumbo linalia. Nyumba ya saba nikaanza kusali zangu za kikwetu kimoyomoyo.

Jioni nikiwa nimejilaza barazani Bibi akaja akakaa pembeni. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, pole pole, kwa vidole vinavyotetemeka kidogo, akatoa noti ya elfu mbili iliyokunjwa mpaka imekuwa kama tambuu. "Nkono wako huu."

"Bibi, mimi nna miaka 27."

"Kwani una mume?"

"Sina."

"Una ntoto?"

"Sina Bibi."

"Basi weye ni ntoto. Shika."

Nimeiweka kwenye kava la simu. Sijaikunjua.

Jumanne, Idi pili

Mvua. Masika imesema haingoji mtu. Tulitakiwa kwenda Chake leo, watoto wameshavaa nguo za Idi pili (kila siku na nguo yake, mwenye mbili anabadilishana na ndugu) na wamepangwa barazani kama kuku waliolowa wanaangalia barabara imegeuka mto. Mmoja alifunga viatu vyake kwa mifuko ya plastiki akasema yeye atakwenda kwa miguu. Alifika kwenye mpera.

Mimi nikatumia nafasi kurudisha sahani zilizobaki, nikaharibu. Mwanga hafifu, alama zinafanana, nikampelekea mwenye zambarau sahani ya kijani, nikampelekea mwenye herufi sahani ya mtu mwingine kabisa, na Mama kaona sahani yetu ya maua, ya harusi yake, iko kwa watu na ina samaki. Hajanigombeza. Kasema tu, "Haya, zitarudi kwenye Idi ya Mfunguo Tatu." Sijui kama ni utani.

Imebaki sahani moja chumbani kwangu, alama nyekundu, nukta moja. Jana mtoto aliileta ina biriani, akakimbia kabla sijamuuliza katumwa na nani. Hakuna anayeijua.

Jumatano, Idi tatu

Jua! Tumekwenda Tibirinzi, Chake Chake, kiwanja cha kufurahishia watoto. Daladala ilibeba watoto kuliko viti, wasichana wamepakwa wanja na poda na rangi ya mdomo mpaka wa miaka minne anaonekana bi harusi, wavulana wote miwani ya jua, wote, na kila mmoja ameshika mkoba wake wa pesa kwa mikono miwili kama yule baba wa keki.

Kiwanjani ni kelele tu, nzuri. Bembea, aiskrimu, urojo, mishikaki inafuka moshi, puto, bunduki za plastiki zinazolia taratata mpaka kichwa kinauma. Nilichokipenda ni jinsi watoto wanavyotumia pesa zao. Hawaombi ruhusa. Mwaka mzima wanatumwa dukani na pesa za watu na kuulizwa chenji, leo pesa ni zao, wanasimama mbele ya muuzaji na kujadiliana bei kwa uso mkavu. Yule msichana wa kalamu nilimuona ananunua aiskrimu mbili, akanipa moja, akaondoka bila neno. Sasa hapo nani kampa nani mkono wa Idi.

Kibogoyo pesa zake zote alinunua miwani. Ya kwake mwenyewe sasa, ya kioo cha bluu. Hakuivua jua lilipozama, hakuivua giza lilipoingia, akagonga nguzo ya bembea, akanyanyuka, akairekebisha puani, akasema hajaumia.

Kurudi wote wamelala. Nilikuwa na vichwa vitatu mapajani, kimoja kina pambo la dhahabu bandia linalonichoma, na konda alizima muziki mwenyewe bila kuambiwa.

Alhamisi, Idi nne

Sikukuu inaisha na nimeambiwa sahani nyekundu isilale tena chumbani kwangu tupu. "Ijaze kitu, uirejeshe," Mama kasema. Kitu gani sasa, nyumba hii imebaki na vileja vilivyovunjika na halua kidogo ya Wete kwenye kikapu cha ukili ambayo Bibi anailinda kama hati ya shamba.

Nikapika chapati. Za kwetu, zile za Krismasi, nene, zimekandiwa karoti ya kukuna (na nilikuna kwa mbuzi, Bibi kaguna lakini kaacha). Huku chapati wanazijua sana, laini, nyembamba, za tabaka, kwaiyo nilikuwa napeleka maji baharini. Bibi kaonja ya kwanza. Katafuna muda mrefu. "Nzito," akasema. Kisha akachukua ya pili, "lakini inaingia."

Nimeweka sita, nimefunika kawa, nimezunguka. Nyumba ya kwanza wakageuza sahani wakatazama chini, sio yao. Ya pili sio yao, lakini wakanifundisha njia ya mkato ya kwenda ya tatu. Ya tatu ni kule chini karibu na mikoko, sijawahi kufika, mama mmoja mnene ana kanga ya njano alikuwa anaanika mwani. Nikapiga hodi, nikamsalimia, nikamueleza habari yote, biriani, mtoto aliyekimbia, nukta nyekundu. Akapokea sahani, akainyanyua juu ya kichwa chake akatazama chini yake, huku chapati zimeshikwa na kidole gumba zisianguke.

"Hii si yangu. Yangu ina nukta mbili, na moja imefutika."

"Basi si hii labda? Moja imefutika?"

Akaitazama tena, kwa makini sana, akiisogeza kwenye mwanga.

"Si yangu," akasema. Akafunua kawa. "Hizi ndo chapati za kwenu?" Nikasema ndio. Akaita ndani, wakatoka wanawake watatu na mzee mmoja na watoto sijui wangapi, tukakaa kitako pale penye mwani, zikaisha zote sita kwa dakika tano, mzee akauliza karoti imeingiaje kwenye chapati na hakuridhika na jibu langu. Alafu yule mama akaingia ndani na sahani, akarudi nayo imejaa visheti, akafunika kawa, akanikabidhi.

Saa hizi ni magharibi, niko njiani kurudi, nimeshika sahani isiyo yangu, ina visheti visivyo vya mwenye sahani, na mbele yangu kuna nyumba mbili nyingine ambazo bado sijauliza.